Bunduki Inayongoja na Fundi Anayengoja

Mgeni rasmi, Bwana Afisa wa Leseni za Silaha. Mwajiri wetu, Bwana Githinji. Mchungaji, uliyetuazima jumba hili la kanisa. Majirani wa Kawangware na mliotoka Kibera kwa miguu: hamjambo nyote.

KARIBU

Mgeni rasmi, tunafurahi kukuona ukinywa chai yetu. Duka letu liko mjini, lakini tumekuita hapa Kawangware, mtaa anaokaa mwajiri wetu, kwa sababu duka la bunduki si mahali pa kualika watu na watoto wao. Tunasherehekea stoo mpya ya chuma ya kuhifadhia bunduki, ile uliyoikagua asubuhi kule dukani. Tulikuona ukiufunga mlango wake, ukaufungua, ukaufunga tena, kisha ukatabasamu. Tabasamu hilo limetutosha.

TULIKOTOKA

Bwana Githinji alilinunua duka miaka michache baada ya Uhuru, kutoka kwa mzee Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Alinunua rafu na vifaa, na pamoja navyo akampata Khamala. Khamala alikuwa mfagiaji. Kwa kutazama na kujaribu akawa fundi, na tangu hapo kila kitako cha bunduki kilichopasuka na kila kifyatulio kilicholegea vimepita mikononi mwake. Anakaa Kisumu Ndogo, Kibera, pamoja na mkewe na binti yao Nasipwondi.

Siku hizo wanunuzi wetu wapya, watu wenye ploti na maduka, walidhani bunduki hununuliwa kama jembe: unachagua, unafungiwa kwenye gazeti, unakwenda. Tuliwaeleza kwamba kwanza serikali itauliza wewe ni nani, unaishi vipi na watu, na ukikasirika unafanya nini. Wengine waliondoka wakinung'unika kwamba tangu duka liwe la Mwafrika limejaa maswali. Hatukufurahia kuwapoteza.

TULICHOJIFUNZA

Khamala ndiye aliyeanzisha desturi ya Jumamosi. Mnunuzi ambaye cheti chake cha kumiliki silaha hakijatoka huja karakanani, huketi benchini mbele ya fundi, na kupewa bunduki aliyokwisha kuilipia, bila risasi. Huisafisha, huipaka mafuta, kisha huirudisha na kwenda zake mikono mitupu. Hivyo bunduki haishiki kutu, na mwenyewe hakati tamaa.

Bwana Waithaka, mwenye bucha hapa Kawangware, aliketi kwenye benchi hilo Jumamosi nyingi. Wezi walikuwa wamemvunjia mlango mara mbili, na subira ilimwishia mapema. Alikuwa akituchekesha kila akija.

"Nimetoa mahari," alisema, "lakini bibi-arusi bado analala kwao."

Jumamosi moja alikuja bila mzaha. Tulisikia baadaye kwamba jana yake aligombana na mpangaji wake juu ya mtaro wa maji machafu, akamfukuza na rungu mpaka mtoni. Alisugua mtutu bila kuinua uso. Mwishowe alisema, "Fundi, jana kama hii ingekuwa nyumbani, leo ningekuwa ndani." Khamala hakumhubiria. Alimsogezea kitambaa kingine, kwa sababu kile cha kwanza kilikuwa kimelowa mafuta.

Cheti cha Bwana Waithaka kilipotoka, tulimtayarishia bunduki aichukue. Akaitazama, akasema, "Wacha akae kwao kidogo." Mpaka leo imo stooni. Yeye na yule mpangaji wamechimba mtaro mpya, na mlango wa bucha umetiwa chuma. Tangu hapo, mnunuzi akilalamika kwamba maswali ni mengi, tunamtuma akanunue nyama kwa Bwana Waithaka.

JAMBO LINALOTUSUMBUA

Ofisi yako ilipoagiza kwamba hata wanaoshika bunduki karakanani wachunguzwe kama wanunuzi, Khamala ndiye aliyefurahi kwanza. Alisema hawezi kumtazama mtu aliyeulizwa maswali ilhali yeye hajaulizwa.

Basi askari alitumwa Kisumu Ndogo, naye amevaa nguo za kiraia. Mlangoni pa ploti, ua wa vyumba vya kupanga, alimkuta Mama Musimbi, jirani wa Khamala, akianika omena, wale dagaa wa ziwani. Akauliza kwa adabu kama hapo anakaa Khamala, yule wa mambo ya bunduki.

Mama Musimbi hakusita. "Khamala? Hapa hakuna. Jaribu Silanga."

Suruali ya Khamala ilikuwa kwenye kamba juu ya kichwa cha mama huyo. Askari akauliza ploti nzima, na ploti nzima ikasema haimjui. Akateremka Silanga, upande mwingine wa Kibera, mpaka karibu na bwawa, akawauliza wauza makaa, nao, kwa haki kabisa, wakasema hawamjui.

Jioni walimpokea Khamala kwa furaha. Mama Musimbi alimpa bakuli la omena na ugali, akamwita kwa jina la bintiye.

"Kula, Baba Nasipwondi," alisema. "Tumekuficha vizuri."

Khamala alipowaeleza kwamba yule alikuwa askari aliyetumwa kumchunguza ili aendelee na kazi, bakuli lilipoa mkononi mwake.

Mgeni rasmi, hatumlaumu askari. Aliuliza kama alivyotumwa. Wala Mama Musimbi hatuwezi kumlaumu. Kwetu Kibera, mtu asiyejulikana akija kuulizia jirani yako, ni nadra awe ameleta heri. Lakini jibu lililofika ofisini ni kwamba Khamala hajulikani anakosema anakaa. Kwa hiyo sasa hashiki bunduki. Anafuta kaunta, anapika chai, na stoo mpya tunayoisherehekea hajaingia ndani yake. Jumamosi Bwana Githinji mwenyewe hukaa na wanunuzi benchini, naye, atusamehe, mikono yake ina haraka. Leseni ya duka ikifika kuandikwa upya mwisho wa mwaka na jibu likiwa hilo hilo, italazimu fundi mwingine atafutwe.

OMBI

Hatuombi sheria ilegezwe. Tumeona ilichomfanyia Bwana Waithaka, na Khamala mwenyewe ametukataza kuomba apitishwe mlango wa nyuma. Tunaomba majirani waulizwe tena habari zake, na safari hii anayeuliza aseme anauliza kwa nini.

Tena huhitaji kumtuma mtu mbali. Ploti nzima ya Kisumu Ndogo imeketi kwenye mabenchi ya nyuma, wamevaa nguo za kanisani. Tulimwahidi Mama Musimbi kwamba maneno yake yatasomwa kama alivyoyasema:

"Mwambieni huyo mkubwa namjua Khamala. Namjua mpaka anavyokohoa usiku. Nilisema simjui kwa sababu namjua."

Mgeni rasmi, Mungu akutangulie kila mlango utakaoubisha, na kila utakayemuuliza akujibu bila hofu. Ukipita mjini Jumamosi yoyote, benchi letu lina nafasi.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Duka na Karakana ya Githinji,
kwa sauti ya Wangoi, karani,
pamoja na majirani wa Khamala, wanaomjua.