Mzee Mstari, Aliyetupandisha Kilimani

Marehemu, ambaye karibu kila mtu hapa alimjua kwa jina la Mzee Mstari, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya mtaa wa chini, mtoto wa tatu kati ya watano. Mama yake alisimulia kwamba siku hiyo hapakuwa na upepo hata wa kukausha nepi. Marehemu aliliona hilo kuwa dosari katika historia yake.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kilimani, akiulalamikia mwinuko kila asubuhi, kisha akahitimu upimaji wa ardhi mwaka 1975. Halmashauri ilimwajiri, na mwaka 1980 ikamhamishia ofisi ya maafa, chumba chenye meza moja na paa linalovuja. Mpango wa mji dhidi ya kimbunga ulikuwa sentensi moja: wananchi wafunge madirisha na kubaki ndani. Alipoupima ufukwe wetu na kuona bahari ilivyo na kina kifupi, alikosa usingizi.

"Upepo utaezua bati, sawa, bati linanunuliwa," alikuwa akisema. "Lakini upepo huohuo unaisukuma bahari nchi kavu, na penye kina kifupi maji hupanda zaidi. Ikiingia sebuleni, utaifungia dirisha gani?"

Akachukua rangi ya buluu, akapita nyumba kwa nyumba akichora mstari ukutani: maji yatafika hapa.

Nyumba mojawapo ilikuwa ya binti mmoja, fundi cherehani, na mama yake. Mstari ulipita juu ya kichwa cha mama. Kwa kuwa mpimaji alirudi tena na tena kuupima ukuta uleule, mama alimuuliza, "Kijana, umekuja kuposa au kunizamisha?"

"Kuposa, mama. Hilo la pili ndilo ninalolizuia."

Yeye na binti huyo walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1994, kimbunga kilipotangazwa, alitupandisha wote shuleni, nacho kikageuza njia, hata nguo hazikuanguka kambani. Alitaniwa mpaka sokoni. "Mwanangu," mama mkwe alimwambia, "siku nyingine sing'oi mguu." Hayo yalimuumiza kuliko kejeli zote, kwa sababu alijua siku nyingine itakuwapo.

Hakubishana. Kila mwaka, kabla ya msimu wa vimbunga, aliandaa chakula cha mchana shuleni, pamoja na muziki na mashindano ya karata. Masharti yake: uje kwa miguu, na mkoba mmoja, umemshika mkono mzee wa jirani. Mama mkwe akatwaa ubingwa wa karata, na bingwa lazima atetee taji.

Kimbunga chenyewe kilipokuja, Aprili 2003, mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza langoni mwa shule. "Tunaanza saa ngapi?" aliuliza.

Kulipokucha, bahari ilikuwa imeingia sebuleni kwake na kuishia shubiri moja chini ya mstari. Mtaa wa chini ulimpoteza jogoo mmoja, mbishi. Marehemu alisimama mbele ya ukuta akanung'unika, "Nimekosea shubiri nzima."

"Endelea kukosea hivyohivyo, baba," mama mkwe akamjibu.

Alistaafu mwaka 2011. Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019. Alipolazwa, aliuliza wodi iko ghorofa ya ngapi. "Babu, hospitali yenyewe iko mlimani," muuguzi alimwambia. "Sikuuliza hivyo," akajibu. Alifariki usingizini tarehe 9 Septemba 2023, hali ya hewa ikiwa shwari. Tunaamini alikagua kwanza.

Aliacha ombi moja: azikwe hapa, kando ya shule, na waombolezaji wote wapande kwa miguu. Tunajua mmelalamika, tumewasikia njia nzima. Lakini sasa hata wageni, na watoto waliozaliwa baada ya kimbunga, wanaijua njia.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mama mkwe, ambaye leo amefika kabla ya jeneza, karata mkobani.

Apumzike kwa amani, juu ya mstari.