Jibini la Drahuše Lililogoma Kunuka

Asubuhi ile benchi la mbele ya banda la wazima moto lilikuwa na wenyewe: Breki, mstaafu wa reli, na Nyuki, mfuga nyuki asiyekubali kushindwa. Glasi za kahawa mkononi, machicha yametulia chini. Drahuše alisimama mbele yao amekumbatia chungu, mashavu yakimwaka. Jibini lake la kwanza tangu aolewe lilikuwa jeupe pe, wakati lilitakiwa liwe la rangi ya chungwa na linuke, kama jibini lote la kijiji hicho. Wiki ijayo ni sikukuu ya kijiji, na mama mkwe alishatangaza: jibini la mezani mwaka huu ni la mkamwana.

— Ukungu umelisusa, — alisema Breki. — Ukungu una wivu, hauingii nyumba yenye bibi harusi.

— Ukungu gani? — alidakia Nyuki. — Ni vidudu, bakteria! Mpwa wangu Zdislava yuko maabara kule mjini Brno. Anavipaka rangi ya zambarau, anaviosha kwa spiriti, rangi haitoki. Vinang'ang'ania!

— Kama wewe na hilo koti.

— Cheka tu. Vina ukoo wao. Zamani kila kidudu chenye umbo la kifimbo kifupi kilitupwa humo, kama droo ya jikoni. Sasa wataalamu wanachambua, visivyohusika vinahamishiwa ukoo mwingine na kupewa jina jipya.

— Basi ndiyo hiyo! Vya Drahuše vimehamishiwa Austria.

— Bila pasipoti?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Vimeenda kutibiwa.

— Mimi nasema vimegoma. Ukibadilishiwa jina la ukoo bila kuulizwa, utafanya kazi?

Drahuše alijiinamia. Yeye alibadilishiwa jina mwezi wa tano, alipoolewa, na hakugoma.

Hapo Zdislava akafika na baiskeli, amekuja mapema kwa ajili ya sikukuu. Alisalimia, akachungulia chunguni.

— Jamani, humu vidudu vilikuwa vinapumulia wapi?

Breki akamtazama Nyuki. Nyuki akaitazama kahawa.

— Kwani vinapumua?

— Hivi bila hewa havikui, mjomba.

Drahuše akasema kwa sauti ndogo:

— Nilifunika, nikazungushia kitambaa cha nta. Niliona haya. Majirani wasije wakasema nyumba imeanza kunuka tangu nimekuja mimi.

Mama mkwe, Květa, alikuwa akifagia ng'ambo ya barabara. Aliuachia ufagio, akacheka hadi akashika ukuta.

— Mwanangu! Nyumba yetu inanuka mpaka kituo cha basi, ndivyo wageni wanavyoijua njia! Lipanguse kwa maji ya chumvi, uliweke dirishani.

— Dirisha la nyuma, mama?

— La barabarani!

Siku ya sikukuu, hata wapiga tarumbeta hawajafika, Breki alipita chini ya dirisha lile. Alisimama, akavua kofia, akabana pua kwa vidole viwili.

— Hongera, binti, — alisema kwa sauti ya puani. — Sasa uko kwenu.