Mlinzi wa Kilima Kitupu

Kwa heshima na taadhima, wafanyakazi wote wanaarifiwa kuwa kiti cha plastiki cha kijani, mali ya ofisi, kilichokuwa Eneo Namba Saba tangu mwaka ambao hata wakaguzi hawaukumbuki, kimerejeshwa stoo salama salimini, kikiwa na miguu mitatu na kipande kimoja cha mti. Stoo imekipokea kwa sahihi.

Aliyekuwa akikikalia naye anarejeshwa nyumbani. Tarehe 30 Juni mlinzi wetu wa malikale, ambaye wote tunamwita Mzee Bango, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu na miezi minne.

Alianza kama mfyeka nyasi. Wilaya yetu ina maeneo arobaini na moja yanayolindwa kisheria: makaburi ya kale, kuta za mji uliohamwa, matanuri ya wahunzi wa zamani, na mapango mawili yenye michoro. Yote aliyatunza kwa panga, baiskeli na miguu yake. Katika hivyo vitatu, ni miguu tu ambayo haijawahi kuombewa vipuri.

Jina la Bango lilikuja hivi. Mwaka wake wa nne ofisi ilisimika mabango mapya ya bati: ENEO LA KIHISTORIA, NI MARUFUKU KUCHIMBA. Wasaka hazina, ambao hadi siku hiyo hawakujua pa kuchimba, walishukuru sana. Mwezi haukuisha, kaburi la Namba Saba likafukuliwa. Mzee Bango ndiye aliyelikuta wazi asubuhi, mifupa imetupwa kando kama kuni, shanga zimekanyagwa. Aliirudisha, mfupa mmoja mmoja, akafukia. Siku ya tatu aling'oa bango, akahesabu hatua mia tatu, akalisimika juu ya kilima cha udongo uliosukumwa na katapila la barabara. Akakizungushia waya. Akapaka nguzo chokaa. Kisha akaleta kiti, akaketi kukilinda.

Wachimbaji hawakumwangusha. Walichimba udongo wa katapila miaka nenda miaka rudi, wakavuna mfuniko wa sufuria na betri nne za redio. Yeye akifukia mashimo yao kwa uso wa huzuni, maana mlinzi asiyehuzunika hutiliwa shaka.

Mkuu wa ofisi wa wakati huo alipoambiwa alicheka mpaka akavua miwani, akamruhusu ahamishe mabango yote yaliyosalia. Hakuna kilichoandikwa. Ramani ya mwisho kutolewa nakala kwenye duka la mjini ilikuwa imezaa mashimo sita ndani ya wiki moja, basi wakakubaliana kuwa karatasi ina mdomo. Mkuu alifariki mwaka uliofuata, siri ikabaki na kichwa kimoja. Sisi wengine tumeijua mwezi huu. Mwenyewe ametupa ruhusa tuiandike: wachimbaji wakisoma watajua mahali arobaini na moja ambapo hapana kitu, na wilaya iliyobaki ni kubwa.

Kwenye kilima chake kitupu alipokea wageni wengi. Mgeni rasmi mmoja aliguswa sana, akaomba dakika moja ya kimya kwa ajili ya mababu. Mzee Bango alivua kofia, akasimama wima. Anasema katika utumishi wake wote hajapata kuona dakika ndefu kama ile.

Lakini siri ni mzigo usio wa kupokezana. Marehemu mkewe, fundi cherehani na mtu wa maneno, alimwita Namba Saba mke mwenza. Alikuwa akipita ofisini kutuuliza kama tumeona wapi mwanamume anayepiga pasi shati ili akashinde na kichuguu. Alijua lipo jambo. Miaka mingi aliomba apelekwe eneo moja tu, lolote, walau ajue mwenzake anashinda na nani. Siku moja alimuuliza mbele yetu, "Baba, hata mimi mchimbaji?" Mzee Bango alicheka, akasema kiangazi kijacho. Viangazi vilikuja vingi. Mama huyo tulimzika wakati wa masika, miaka sita iliyopita, na mumewe akatuomba tusiweke kibao chochote.

Baada ya msiba ndipo alipoanza kuandika barua. Alitaka apewe mtu mmoja wa kutembea naye kwa wiki kadhaa. Hakusema kwa nini, nasi hatukuuliza. Sasa tunaelewa: maeneo yale hayaelezeki kwa mdomo, hujulikana kwa miguu. Unashuka korongo, unaliacha jiwe lenye ufa mkono wa kushoto, unaanza kuhesabu. Angeondoka bila kumkabidhi mtu, trekta lingelima kaburi na asiwepo wa kupiga kelele. Aliandika barua saba. Zote zilijibiwa kwamba zinafanyiwa kazi. Mwaka jana akaacha kuandika, akawa anakuja ofisini kila Ijumaa na kutazama viatu vyetu kabla hajatusalimia. Dereva alikuwa na mgongo. Mhasibu alikuwa anafunga mwaka. Masjala ilikuwa na majalada. Naye alikuwa akisema tu, "Haya wanangu, kazi njema," akapanda baiskeli. Dirishani tulimwona akienda mpaka anapotea kwenye kona. Hakuna aliyemwita.

Mwezi Mei, hatimaye, mrithi akaletwa: afisa malikale, mama wa makamo, mwenye shahada na viatu vya maana. Alikuja na kidude cha setilaiti kinachoweka alama kila unapopita. Mzee Bango alikitazama kama mgeni aliyeletwa na mgeni. Siku ya pili mama akakizima mwenyewe, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti. Walitembea wiki tano, maeneo yote arobaini na moja. Mama anasema mzee alikuwa akiongea kutwa nzima, kila jioni sauti imemkauka, na kila asubuhi anaomba radhi kwa kuzidisha maneno, kisha anaendelea alipoishia.

Sasa anahamia kwa bintiye, safari ya siku mbili kwa basi. Baiskeli amemwachia jirani.

Mzee Bango, asante kwa waliolala salama bila kujua kuwa walikuwa na mlinzi. Tulikuwa na miguu, hatukutembea nawe; hilo tunalijua. Tunakuombea umri mrefu, magoti yasiyonung'unika, na mtu wa kuongea naye kila asubuhi.

Barua ya kumhamisha mrithi wake, kwenda makao makuu kitengo cha ununuzi, ilifika jana mchana.