Hadi Matairi Yaache Ardhi: Kumuaga Mzee Hafidh

Na Muzdalifa, meza ya nyaraka

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kusafirisha mizigo ya watu, Mzee Hafidh wa Wakala wa Mizigo Mnarani, hapa hapa jengo la Tianxiu, anastaafu rasmi Alhamisi, tarehe ishirini na saba Novemba. Ijumaa asubuhi anapanda ndege kurudi kwao Unguja. Neno "rasmi" naliandika kwa tahadhari, maana huu ni wasifu wa tatu kumuaga mtu huyu huyu. Mbili za mwanzo niliziandika mimi, zikasomwa, tukalia, tukala keki, kisha mwenyewe akaonekana tena mezani pake akiuliza nani kahamisha kikombe chake.

Kwa wageni wetu wasiomjua, Mzee Hafidh ni yule mtu mrefu mwenye kofia ya kiua na mwavuli mweusi, asiyepanda lifti bila kumsalimia kila aliyemo. Alizaliwa Kikwajuni, akawa baharia tangu ndevu hazijamtoka, na Kikantoni, Kichina cha huku kusini, alijifunzia bandarini Hong Kong kwa wapakua mizigo. Ndiyo maana mpaka leo akifungua mdomo sokoni Liuhua, wauza viatu wazee hucheka na kuona haya. Wabeba mizigo wa jengo letu humwita laoban, yaani bosi. Yeye huwajibu kuwa bosi meiyou, hakuna, yuko mchovu mwenzao tu, na hapo hapo huwasaidia kusukuma mkokoteni.

Kazi yake haielezeki bila ndege. Kila mfanyakazi mpya wa Mnarani, wiki yake ya kwanza, hupewa chai ya maziwa, chapati ya kutoka barabara ya Huanshi Zhonglu na kisa cha ndege nyeusi. Si hiari. Na ukimkatiza, anaanza upya.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1982 meli yake ilikuwa Okinawa, kisiwa cha Japani, ikishusha saruji. Wamarekani walikuwa na kituo cha ndege za kivita pale, na humo walikuwa na ndege ya upelelezi, nyeusi tii, inayokwenda kasi kuliko sauti yake yenyewe. Wenyeji waliipa jina la nyoka wao mkali. Mabaharia walikuwa wakiisimulia kila bandari, lakini walioiona kwa macho walikuwa wachache. Basi Hafidh na rafiki yake Gharib, baharia mwenzake wa Unguja, walipopewa ruhusa ya nusu siku, hawakwenda madukani wala kwenye starehe. Walipanda kilima kilichokuwa nje ya uzio wa kituo. Wakawakuta Wajapani wamejipanga na kamera zao, kimya, kama wasubirio mwezi wa Idi.

Ndege ikatolewa bandani. Ilikuwa ndefu, bapa, inachuruzika mafuta kama chujio. Ikafika mwanzo wa njia, ikasimama, ikakaa pale. Halafu ikageuzwa, ikarudishwa bandani. Gharib akasema basi, shughuli imekwisha, meli inang'oa nanga alasiri, tuondoke. Akateremka. Hafidh akawatazama wenye kamera, akaona hakuna hata mmoja aliyefunga mkoba wake. Akabaki.

Ikatoka tena. Hapa Mzee husimama na kusogeza kiti, nasi tunasogeza vikombe vyetu kwa usalama. Anasema kwanza aliuona moto: ndimi mbili nyuma ya ndege, na ndani ya kila ulimi pete za mwanga zimepangana. Sauti ilikuja baadaye, na hiyo hukuisikia kwa masikio bali kwa mbavu. Mzee mmoja wa Kijapani aliyesimama karibu naye aliangusha sigara yake na asijue. Ndege ikaacha ardhi, ikainua pua, ikatoboa mawingu, ikabaki ngurumo peke yake. Hafidh anasema alijikuta machozi yanamtoka, na mpaka leo hajui aliililia nini. Akifika hapo sauti yake hushuka, na katika miaka yote hakuna mtu aliyewahi kucheka.

Tunacheka baadaye. Mwaka nilioajiriwa, moto ule ulikuwa na urefu wa gari dogo. Siku hizi umelipita lori la futi arobaini, na angebaki mwaka mmoja zaidi ungefika Hong Kong.

Tunacheka pia kwa yaliyofuata, maana Hafidh aliporudi bandarini mbio mbio, meli ilikuwa imeshaondoka na mkoba wake, viatu vyake vya Idi, na Gharib. Mtu wa watu! Akabaki Okinawa na shati alilovaa, hadi meli nyingine ilipomchukua kwa kazi ya kusugua sitaha. Kumbe huko Unguja Gharib keshafika na keshatangaza kwamba Hafidh kakamatwa na Wamarekani kwa ujasusi. Mama yake akalia, wazee wakaanza kuulizana lini isomwe hitma. Aliyekataa katakata alikuwa mmoja tu, mchumba wake Bimkubwa. Alisema Gharib hawezi kutoa ushahidi wa jambo lolote la kilimani, kwa kuwa aliteremka mapema. Yeye atasubiri aone mwenyewe. Ikaletwa posa nyingine, akairudisha. Mwaka ukapita na ushee, Hafidh akabisha hodi kwao akiwa na redio kwapani. Wakaoana.

Hiyo ndiyo asili ya kanuni ambayo Mnarani imeishi nayo tangu Mzee alipoajiriwa mwaka 2003: mzigo haujaondoka mpaka matairi yaache ardhi. Ndugu zangu wa biashara hii mnanielewa. Sote twajua tabia ya mawakala: karatasi ikishagongwa muhuri, simu inapigwa Dar au Mombasa, "mzigo umeshaondoka, dada, lala salama," na mzigo wenyewe bado umekaa ghalani unapigwa na feni. Mzee hakukubali uongo huo hata siku moja. Mzigo wa ndege ukitoka hapa, naye anatoka nao. Huenda hadi uwanja wa Baiyun, upande wa mizigo, akasimama uzioni na mwavuli wake, jua au mvua, mpaka ndege ikimbie, iinue pua, iondoke. Ndipo huandika neno moja kwenye kundi letu la WhatsApp: "Imepaa." Kabla ya neno hilo ni marufuku kumwambia mteja chochote zaidi ya "tunaushughulikia".

Austin, kijana wetu wa Nairobi na bingwa wa haraka, aliona huo ni ushamba. Siku moja tulikuwa na mzigo wa Bi Felisia wa Moshi: sare za harusi ya mdogo wake, ukoo mzima, robota zimefungwa kwa utepe wa kijani. Muhuri ulipogongwa tu, Austin akampigia: "Mzigo iko hewani, madam, wewe relax." Felisia akarelaksi, akawatangazia mashangazi. Wakati huo huo Mzee, uzioni Baiyun, anakitazama kitoroli chenye utepe wa kijani kikivutwa kurudi bandani. Ndege imejaa, robota zetu zimeachwa. Ikapaa bila zetu.

Mzee hakugombana na mtu. Aliingia ofisini kwa watu wa mizigo akaambiwa meiyou, nafasi hakuna mpaka wiki ijayo. Akasema sawa, yeye hana haraka, wampe kiti tu. Wakampa. Wale wanamjua, wanajua akikaa amekaa. Akawasimulia ndege nyeusi. Nadhani walipoona anataka kuirudia wakatafuta nafasi kwenye ndege ya jioni, na sare zikafika Moshi harusi ikiwa kesho yake. Picha aliyotutumia Felisia, safu ya mashangazi ndani ya magauni ya kijani, imetundikwa ofisini juu ya meza ya Austin, na aliyepigilia msumari ni Austin mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna aliyekimbia kuuliza kama Austin. Kila mzigo ukitoka, utamsikia: "Mzee, imepaa? Umeiona na macho?"

Hayo ndiyo mazuri yake, na ni mengi kuliko nafasi niliyopewa. Lakini mimi ni mtu wa Temeke, siwezi kumsifu mtu nusu nikameza nusu. Kuna mteja mmoja aliyesubiri kuliko wote, na Mzee Hafidh, bingwa wa kutosema "imeondoka" kabla ya wakati, amemwambia "naja" mara nyingi mno. Huyo ni Bimkubwa.

Tulipomuaga mara ya kwanza, korona ikafunga viwanja. Hilo tulimsamehe, na Bimkubwa pia alimsamehe. Mara ya pili, miaka miwili iliyopita, huko Unguja nyumba ilipakwa rangi, biriani la mtaa mzima likapikwa tangu alfajiri. Mzee alikuwa kwenye foleni ya uwanjani na masanduku yake, simu ikalia: kontena la mteja limekwama bandarini Nansha. Akageuza. Akarudi kwa teksi, na masanduku yote, na sisi tuna keki yake mdomoni. Binti yao, Ilham, ndiye aliyenieleza kilichotokea upande wa pili. Bimkubwa aliwapakulia majirani wote, akacheka nao, akawafungia na wa kupeleka nyumbani. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Kontena lilitoka siku mbili baadaye, na lingetoka hata bila yeye. Niliumia, na nilimwambia Mzee hivyo hivyo usoni. Alisema nina haki.

Mwaka huu alipoanza tena habari ya "labda mwakani inshallah", Bimkubwa hakumpigia mumewe. Alinipigia mimi. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Alisema: "Muzdalifa mwanangu, mwambie mwenzangu mimi si Gharib. Sikuteremka kilimani wakati ule na siteremki leo. Lakini mwambie miguu inaniuma."

Nilimfikishia neno kwa neno, tena kwa makusudi mbele ya ofisi nzima. Mzee alikuwa na kikombe mkononi. Alikiweka. Alimtazama Austin, akaitazama ile picha ya mashangazi, akatazama dirishani. Kisha alichukua kofia yake, akateremka ghorofa ya chini kwa wakata tiketi, na safari hiyo hakumsalimia mtu kwenye lifti. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Aliweka tiketi mezani pangu akaniambia niikague, maana yeye hajiamini. Nimeikagua. Likizo zake zote alikata ya kwenda na kurudi. Hii ni ya kwenda tu.

Tangu hapo amekuwa akikabidhi. Wateja wa Mombasa wamekwenda kwa mwenzetu Abigail, na tayari wanamwogopa. Mwavuli mweusi amepewa Austin, ambaye aliupokea kwa mikono miwili, bila haraka, jambo ambalo ofisi hii haijawahi kushuhudia. Simu ya kazi nitaichukua mimi Alhamisi, hafla ikiisha, na nitaizima. Hata kontena lizame, Mzee, hutajua.

Kwa niaba ya Mnarani, na ya wafanyabiashara wote ambao mizigo yao uliisindikiza kwa macho, ahsante sana Mzee wetu. Umetufunza kwamba mtu akikuamini na mali yake, humwambii kile anachopenda kusikia, unamwambia ulichokiona. Umetuchekesha, umetulisha chapati, umetuchosha na ndege yako, na tutaililia ukishaondoka. Mungu akupe afya, baraza lenye upepo, na wajukuu ambao hawajasikia kile kisa. Muombe radhi Bimkubwa kabla hujavua viatu. Na ukimwona Gharib, msalimie, umwambie ilipaa.

Jambo la mwisho ni tangazo. Bimkubwa ametutumia salamu kwamba safari hii hapaki rangi wala hapiki. Hata kitunguu hanunui mpaka asikie matairi yameacha ardhi. Haki yake. Kwa hiyo Ijumaa ofisi itafungwa, na sote tutakwenda Baiyun kusimama uzioni. Njooni na kofia, na maji ya kunywa. Ndege ikitoka tutangoja, ikisimama tutangoja, ikirudishwa bandani tutangoja itoke tena, na hakuna atakayeondoka mapema. Tukishaiona imeinua pua na kwenda, nitatoa simu nimwandikie Bimkubwa neno moja, naye aende sokoni akanunue vitunguu.