Picha Dirishani

Bi Kiyoe aliegemeza picha ya marehemu mumewe kwenye dirisha la kushoto la treni, ili naye aone majani yalivyogeuka mekundu bonde zima, mpaka mtoni, akiinong'oneza kwamba mti wake u karibu. Shizuko, aliyekaa kiti cha nyuma, akamsikia abiria mmoja mzee akidakia: "Bimkubwa, huo mti unaoungoja uko kulia." "Kushoto! Kaupanda mwenyewe huyu, pale darajani." "Nimeendesha treni hii miaka thelathini, mpaka nilipostaafu." "Basi ulikuwa unasinzia!"

Shizuko akajitia kumenya chungwa, asije akacheka.

"Kwani ulikuwa ukiuona ukienda wapi?" mzee akauliza. Bi Kiyoe akababaika. "Nikirudi... nikirudi nyumbani." "Na leo?" "Leo sirudi; nahamia kwa binti yangu, huko juu."

Treni ikasimama kituo cha darajani, dirisha la kulia likajaa wekundu mtupu wa mti ule. Bi Kiyoe alikuwa anaifuta picha vumbi, bado kaielekeza kushoto.