Kisima cha Bwana Maneno

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mkalimani wa kisima cha kwanza cha mafuta katika eneo letu. Amezikwa juzi. Wengi tulimwita Bwana Maneno. Msibani alimwagiwa sifa mpaka machale yakanicheza.

Tuanzie mkutanoni. Wataalamu wa kampuni walizungumza lugha yao, Bwana Maneno akatafsiri. Alipanda juu ya kreti la soda, kalamu sikioni, akasema: "Hawa mabwana wanaomba kuchimba kisima."

Kisima tu. Kisima cha nini, hakusema. Watu wakapiga makofi, maana maji yalikuwa ya shida. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, akatoa shamba lake palepale. Alimwamini mdogo wake.

Mtambo ukanguruma kutwa kucha. Siku moja zikasikika kelele: "Kimetoa! Kimetoa!" Watu wakatimua mbio na ndoo. Dada mtu ndiye aliyetangulia. Alirudi mweusi tii, kuanzia utosini hadi kwenye ndala. Shamba lake halikuota kitu tena.

Tangu hapo alikuwa na swali moja kwa mdogo wake: "Ulikosea, au ulinificha?" Naye jibu lake lilikuwa lilelile, huku akicheka: "Dada, kisima ni kisima."

Nilikwenda msibani na kinasa sauti changu. Mjane alimtetea mumewe. "Alipitiwa tu, jamani," aliniambia. "Alikuwa na huruma mno. Hata siku ile alinifikiria. Nilishika ndoo nikimbie kama wenzangu, akanizuia mlangoni: 'Iache, mama watoto, utaichafua.'"

Utaichafua, wasikilizaji wapendwa. Tangu lini maji ya kisima yakachafua ndoo? Kelele zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza. Hakuna aliyekuwa ameona hata tone.

Dada mtu alikuwa amekaa hapo hapo, mkono begani kwa wifi yake. Akautoa.

"Wifi," akasema, "yangu mbona aliiacha ichafuke?"

Nami nilizima kinasa sauti.

Tunatoa pole kwa mjane na watoto. Kwako dada, pole mara mbili: jibu umelipata, na wa kugombana naye hayupo. Sisi tuliobaki tujiulize, tunapomwambia ndugu yetu nusu ya neno, ile nusu nyingine tunamwekea nani?

Mungu amrehemu Bwana Maneno. Amsamehe pia, maana mimi bado.