Siku Mama Aliposema Hakumbuki

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu wa Kitangari. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Naitwa Veronika, wengi mnanijua kama yule mgeni anayekaa kwa Mama Salumu. Nimeomba nisimame hapa mbele na mchungaji amenikubalia. Nitasema polepole. Nikinyamaza kidogo msinipigie pambio, nisubirini tu.

Kwetu ni Chiwata. Mume wangu alifariki tukiwa hatujajaliwa mtoto, nikarudi kwa mama. Tulikuwa na mikorosho aliyotuachia bibi, tunalima na muhogo na mbaazi, siku zinakwenda. Mwenye kauli juu yetu alikuwa mjomba, kaka yake mama. Ndiye aliyenisomesha, ndiye aliyepokea posa yangu. Nilimpenda kama baba.

Mjomba ana mtoto wa kiume, rika langu. Kwa mila zetu mabinamu ni watani. Tangu utotoni alikuwa ananiita mke wangu, namwita mume wangu, watu wanacheka. Msimu mmoja wa korosho nilikuwa shambani peke yangu, mama alibaki nyumbani na homa. Binamu yangu akaja mchana. Nikadhani amekuja kunisaidia kuokota, hata nikamsogezea ndoo. Ndugu zangu, alinibaka. Nalitaja kwa jina lake, kwa sababu kwetu liliitwa "yale mambo" mpaka nikaanza kudhani mimi ndiye mwenye mambo.

Nilirudi nyumbani nikaoga. Nilijisugua mpaka ngozi ikawaka. Ndipo nikamwambia mama. Mama alinishika, akalia, akaona michubuko mikononi mwangu na gauni lililochanika. Jioni ile akaenda kwa kaka yake. Mimi nikajua mjomba atanisimamia, maana ndiyo kazi ya mjomba.

Kesho yake wakakaa kikao cha ukoo. Niliitwa, nikakaa chini kwenye mkeka. Hakuna aliyeniuliza kilichotokea. Walizungumza juu ya jina la familia, na juu ya majirani. Mwishoni mjomba akasema, "Si binamu yake? Amwoe, yaishe." Wengine wakaitikia kwa vichwa, kama vile tatizo limepata dawa. Nilisimama nikawaambia naenda polisi. Mjomba akasema nikienda, nisimwite tena mjomba.

Nilipanda bodaboda mpaka Masasi. Nilipoeleza kituoni, askari wa kwanza kunisikiliza aliniuliza mbele za watu, "Kwa nini ulioga?" Baadaye akaja dada mmoja wa dawati la jinsia, akaniingiza ndani, akaandika maelezo yangu, akanipa fomu ya kwenda nayo hospitali. Muuguzi alinipima kwa upole. Lakini aliniambia ukweli kwamba nimechelewa, na mengine maji yameshayaondoa. Nilitamani mtu angeniambia mapema.

Binamu yangu alikamatwa, akapata dhamana. Kesi ikaanza. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Leo hakimu yuko safarini, mara nyingine shahidi hakufika. Kila nikienda namkuta yeye na ndugu zangu wote upande mmoja wa baraza ya mahakama, mimi upande wa pili. Kijijini watu waliacha kuniita msibani. Hata kanisani kwetu, nasema hili bila chuki, nilikaa kwenye benchi na benchi likabaki langu peke yangu.

Nilikuwa na tumaini moja, mama. Yeye ndiye niliyemwambia kwanza. Yeye ndiye aliyeiona mikono yangu. Siku yake ya kutoa ushahidi ilipofika, alikuja Masasi na gari la mjomba. Alivaa kitenge nilichomnunulia mimi. Alipoulizwa nilimwambia nini siku ile, akasema, "Sikumbuki, mheshimiwa."

Ndugu zangu, yale ya shambani yalinivunja mwili. Neno lile la mama lilichukua kilichobaki. Siku ileile kesi ikaondolewa, binamu yangu akaachiwa. Nilitoka nje nikiwa nimeshaamua kwamba siku ya kesho sitaiona. Nilikaa stendi, nikamwambia Mungu: kama upo, umechelewa na wewe.

Ndipo akaja mwanamke mtu mzima mwenye ushungi, akakaa pembeni yangu. Alikuwa mahakamani siku ile kwa kesi yake ya shamba, akayaona yangu kwa mbali, akanifuata. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia sijui. Akaninunulia chai, akakaa nami mpaka nikaanza kumsimulia mwenyewe. Nilipomaliza akasema, "Mimi nakuamini." Hakuna aliyekuwa amelitamka neno hilo, tangu shambani mpaka kwa hakimu. Nililia stendi pale bila aibu.

Huyo ndiye Mama Salumu. Alinileta hapa Kitangari. Yeye anaswali swala zake, mimi nasali zangu, na hajawahi kuniuliza kwa nini. Asubuhi ananipa ndoo tunakwenda kutafuta maji. Kwa miezi mingi hicho ndicho kitu pekee kilichonitoa kitandani.

Msinielewe vibaya. Sijapona. Binamu yangu yuko Chiwata, na mikorosho ya bibi anaokota yeye. Mama alikuja mara moja, akasema alijua ni kweli, lakini nyumba anayoishi ni ya kaka yake, na hana pengine pa kwenda. Nilimpikia, akala, akaondoka. Nimeambiwa kesi inaweza kufunguliwa tena kama mama atakubali kusema. Hajakubali.

Basi Mungu amenitoa wapi? Amenitoa kwenye kifo, na kwenye uongo kwamba kosa ni langu. Ni hayo tu niliyonayo mkononi leo, nayashukuru.

Siku hizi akitokea mwanamke wa huku juu mlimani aliyefanyiwa kama mimi, Mama Salumu na mimi tunakwenda naye. Tunamwambia asioge kwanza, nguo asizifue, hospitali aende leo hii. Tunakaa naye barazani mpaka jina lake liitwe. Mara nyingi tumerudi tunalia.

Jumanne tunashuka Masasi na dada mmoja ambaye kwao wamemfukuza. Sijui hakimu atasema nini. Mtumainini Mungu pamoja nami, na mwenye nafasi siku hiyo aje. Hahitaji kusema lolote. Upande wa ndugu wa mshtakiwa huwa umejaa, na upande wetu tuko watatu.